Mkono wa Tatu: Barua za Ndugu Waliotengwa na Bahari ya Atlantiki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, na kuchapishwa hapa kwa ombi lao.)



Bwana Katibu aliponiomba nizungumze alinipa ruhusa ya kuchagua habari yo yote ile isipokuwa ya mishahara, kwani ya mishahara, alisema, ina mkutano wake. Basi nimechagua habari ya barua. Sisi sote tulio hapa twaishi kwa karatasi: twazipokea, twaziandika katika daftari, twazitia katika faili, twazipeleka mbele. Nimeona si vibaya jioni moja tukazitazama karatasi za watu wengine, za zamani na za mbali, yaani barua ambazo ndugu waliandikiana katika karne ya 19 hali wametengwa na Bahari ya Atlantiki, huyu yuko Ulaya au Afrika na yule yuko Marekani.

Neno nitakalolishika ni moja. Twadhani ya kuwa barua ni mazungumzo ya watu wawili, mwenye kuandika na mwenye kuandikiwa. Barua hizi hazikuwa hivyo. Karibu kila mara alikuwapo mtu wa tatu katikati yao: mwandishi aliyeshika kalamu kwa niaba ya asiyejua kuandika, jirani aliyemsomea asiyejua kusoma, nahodha wa merikebu, bwana mwenye watumwa, mkaguzi wa serikali. Na wale ndugu walijua ya kuwa yupo, wakaandika hali wanajua. Mtu azisomaye barua zile leo pasipo kumkumbuka huyo wa tatu atazisoma vibaya.

Nianze na gharama, kwa kuwa nayo ilikuwa kama mkono uliozuia kalamu. Kabla ya mwaka 1840 posta ya Uingereza ilitoza kwa hesabu ya karatasi na kwa urefu wa njia, tena mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili. Kwa hiyo watu hawakutumia bahasha, walikunja karatasi yenyewe na kuifunga kwa lakiri. Tena waliijaza hata pembeni, kisha waliigeuza upande na kuandika mistari mingine juu ya ile ya kwanza, ikikatana nayo kama nyuzi za mkeka. Msomaji wa siku hizi hupata taabu kubwa kuzisoma, na nadhani hata msomaji wa siku zile alihitaji dirisha lenye mwanga mzuri na subira.

Mwaka 1840 Rowland Hill alifaulu kuleta stempu ya peni moja kwa barua ziendazo mahali po pote ndani ya Uingereza. Mwaka ule ule, tarehe 4 Julai, meli ya moshi iitwayo Britannia, ya kampuni ya Samuel Cunard, iliondoka Liverpool, ikafika Halifax na kisha Boston kwa muda wa majuma mawili tu. Meli za tanga ziendazo magharibi zilikuwa zikichukua mwezi na zaidi. Lakini mwendo ulipopungua, bei haikupungua pamoja nao. Kwa mapatano ya serikali mbili ya mwaka 1848, barua ya nusu aunsi kati ya Uingereza na Marekani ililipiwa shilingi moja, yaani senti 24, nayo iligawanywa hivi: senti 5 kwa posta ya Marekani, senti 3 kwa posta ya Uingereza, na senti 16 kwa njia ya baharini peke yake. Kwa kibarua wa shambani katika Ireland shilingi moja ilikuwa ujira wa siku nzima au zaidi. Alikuwako Mmarekani mmoja, Elihu Burritt, mhunzi aliyejifundisha lugha nyingi, ambaye alizunguka miaka mingi akihutubu ya kuwa bahari nayo yapaswa kuvukwa kwa peni moja, kwani maskini ndio waliotengana na jamaa zao. Watu walimpigia makofi, bei ikakaa palepale. Ilishuka mwaka 1868 ikawa senti 12, mwaka 1870 ikawa senti 6, na ilipofika tarehe 1 Julai 1875 mapatano ya posta ya mataifa yaliyofanywa Berne mwaka wa nyuma yakaanza kutumika, ikawa senti 5. Wenzetu wa idara ya posta watajua kuwa umoja ule ungali upo.

Basi mtu aliyelipa shilingi hakuipoteza kwa maneno ya bure. Alingoja mpaka habari zimejaa. Tena mara nyingi hakuandika mwenyewe. Hesabu ya watu wa Ireland ya mwaka 1841 ilionyesha ya kuwa katika kila watu 100 wenye umri wa miaka mitano na kuendelea, 53 hawakujua kusoma wala kuandika. Hao walikwenda kwa mwalimu wa shule, au kwa padre, au kwa kijana wa jirani aliyesoma. Na barua ilipotoka Marekani ilisomwa kwa sauti, nyumba imejaa watu. Fikirini basi mwanamke aliyeko New York ataka kumwambia mama yake ya kuwa mumewe ni mlevi. Maneno hayo yatapita kwa mwandishi wa kule na msomaji wa huku, na kabla ya jua kutua kijiji kizima kitayajua. Kwa hiyo barua nyingi zasema tu kwamba wote ni wazima, kisha zaorodhesha salamu kwa huyu na huyu. Wako wanaozicheka kwa kuwa hazina kitu ndani. Mimi sizicheki. Nimewaandikia wazee barua nyingi kibarazani, nami najua kimya cha mzee anapofika mahali asipotaka mimi nisikie; hutazama chini, kisha husema, «Basi, mwandikie salamu.»

Waliosoma Waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi watakumbuka ya kuwa karibu na mwisho mwandishi aliyeshika kalamu anaingia mwenyewe na kutoa salamu zake. Jina lake ni Tertio, na kwa Kilatini neno hilo maana yake ni «wa tatu». Sijui kama yuko karani mwingine katika Maandiko aliyejipatia mstari wake mwenyewe namna hiyo. Lakini hili nalileta kwa kutuburudisha tu.

Kitu kimoja hakikuhitaji mwandishi, nacho ni fedha. Wakati wa njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza, barua za Marekani zilibeba hawala za benki na tikiti za meli zilizokwisha kulipiwa kule. Makamishna wa Uingereza waliosimamia mambo ya wahamiaji walikadiria ya kuwa mwaka 1848 zilipelekwa pauni 460,000 kwa njia hii, na mwaka 1853 pauni 1,439,000. Fedha hizo zilitoka kwa wajakazi wa majumbani na kwa wachimbaji wa mifereji na reli. Mmoja alitangulia, akamvuta dada yake. Dada akamvuta kaka. Barua isiyo na hawala ndani nayo ilisemeka kijijini, hata kama maneno yake yalikuwa mazuri.

Sasa nafika kwenye habari iliyonifanya nichague somo hili, nayo ni ya ndugu ambao mtu wao wa tatu hakuwa mwalimu wala padre.

Mwaka 1816 huko Washington kilianzishwa chama kilichoitwa American Colonization Society. Wenye chama walikuwa Wazungu; wengine wacha Mungu walioona utumwa ni dhambi, wengine wenye watumwa ambao hawakupenda kuona watu weusi walio huru wakiongezeka katika nchi yao. Hawa na hawa wakapatana juu ya jambo moja, kwamba mtu mweusi akiisha kupata uhuru apelekwe Afrika. Merikebu yao ya kwanza ilisafiri mwaka 1820. Mji ukajengwa katika pwani ya magharibi, ukaitwa Monrovia kwa jina la Rais James Monroe, na nchi ndiyo Liberia. Wenyeji wa pwani ile walikuwa na nchi yao tayari, wala si wao waliotuma mwaliko.

Katika jimbo la Virginia alikuwako bwana mmoja tajiri, Jenerali John Hartwell Cocke, mwenye mashamba yaitwayo Bremo. Yeye alikuwa miongoni mwa waliouona utumwa kuwa ubaya, wala hakuacha kuwa na watumwa mpaka vita vilipomwondolea. Mkewe Louisa aliwafundisha watumwa kusoma, ingawa sheria ya Virginia ya mwaka 1831 ilipiga marufuku mikutano ya kuwafundisha watu weusi kusoma na kuandika. Mmoja wa watumwa wa Bremo alikuwa mwashi wa mawe, jina lake Peyton Skipwith. Mwaka 1833 bwana wake alimpa uhuru, yeye na mkewe Lydia na watoto wao sita, kwa sharti la kwenda Liberia. Walifika mwanzoni mwa mwaka 1834. Mama yake Peyton, ndugu zake na jamaa wengine walibaki utumwani.

Peyton alijua kuandika, basi hakuhitaji karani. Lakini tazameni jinsi barua yake ilivyosafiri. Hapakuwa na posta ya kawaida kati ya Monrovia na Virginia. Barua ilingoja chombo, labda merikebu ya chama iliyoleta wahamiaji wengine, labda chombo cha biashara, na baada ya mwaka 1843 labda manowari ya Marekani iliyotumwa kuzuia biashara ya watumwa. Ikifika bandarini Norfolk au Baltimore, ilipelekwa kwa Jenerali Cocke. Huyo ndiye aliyekuwa na anwani. Mtumwa hana anwani. Salamu za mama zilikuwa ndani ya barua ya bwana, na kama waraka wa jamaa ulikunjwa humo humo, ulipita katika mikono yake kwanza. Mtu awezaje kumwandikia mama yake maneno ya moyoni, hali anajua ya kuwa barua itafunguliwa na mwenye kummiliki mama huyo?

Mwaka ule wa kwanza homa ya pwani iliwapiga. Binti mmoja alikufa, na Lydia naye akafa. Peyton mwenyewe alipatwa na upofu wa usiku, jambo zito kwa mtu ambaye riziki yake ni macho na nyundo. Wala hakuwa peke yake katika msiba. Watu 4,571 walifika Liberia kati ya mwaka 1820 na 1843. Hesabu ya mwaka 1843 iliwakuta hai huko 1,819 tu. Katika barua yake ya kwanza, ya Februari 1834, Peyton alimwuliza bwana wake wa zamani masharti ya kurudi Marekani, kwa maana alikusudia kurudi upesi iwezekanavyo.

Hapo nawaomba mtulie kidogo. Huyu ni mtu huru, naye auliza masharti. Alijua alilouliza. Sheria ya Virginia tangu mwaka 1806 ilisema mtumwa aliyepewa uhuru asikae katika jimbo zaidi ya miezi kumi na miwili, asije akatiwa utumwani tena. Nyumbani kwa mama yake palikuwa mahali ambapo hangeweza kukaa akiwa huru. Hakurudi. Barua za miaka iliyofuata zaonyesha mtu aliyejikaza, akaoa tena, akafanya kazi yake ya mawe, akawalea watoto waliosalia. Na kadiri miaka ilivyopita alizidi kuisifia ile nchi kwa sababu ya uhuru wake. Mwaka 1840 alikwenda vitani pamoja na askari wa koloni kupigana na wenyeji wa bara, akamweleza bwana wake habari za vita vile kama askari aelezavyo. Msomaji Mwafrika haisomi barua ile kwa furaha. Wahamiaji wale walikuwa wametoka utumwani, nao wakawaita wenye nchi kwa majina waliyoyasikia kwa mabwana.

Katika barua hizi, na katika mamia mengine yaliyotoka Liberia miaka ile, heshima kwa bwana ni nyingi mno: shukrani, baraka, kumbukumbu za wema. Wako waliozichukua kuwa ushahidi kwamba watumwa waliwapenda mabwana. Wako wengine wasemao ni unafiki mtupu. Mimi siafiki upande wo wote. Peyton hakumchukia Cocke, nadhani, kwani alikuwa amepewa uhuru ambao jirani zake hawakuupata. Lakini juu ya hayo yote Cocke alikuwa ameshika mama yake na ndugu zake. Kila salamu aliyompa bwana ilikuwa pia ada ya posta kwa ajili ya mama. Aliyemwudhi mwenye mlango hakupata habari za waliomo ndani. Hata maombi ya vitu, vyombo vya kazi, nguo, unga, vitabu na karatasi, huja mwisho, baada ya adabu zote kutimizwa. Na lawama ya kwamba nimeandika sana wala sijajibiwa huonekana katika barua za wahamiaji wengi wa Liberia, imefunikwa vizuri kwa upole.

Alikuwako mwingine wa tatu tena. Chama kile kilikuwa na gazeti lake, African Repository, lililoanza mwaka 1825, ambalo lilichapisha barua za wahamiaji ili kuwavuta wengine waende na matajiri watoe fedha. Barua yenye sifa ilichapwa. Yenye vilio haikuwa na haraka ya kufika kwa mpiga chapa. Basi mwandishi wa Monrovia hakujua kama maneno yake kwa jamaa yatasomwa jikoni Bremo au yatakuwa tangazo.

Katika ndugu za Peyton alikuwako George. Mwaka 1840 Cocke alifungua shamba la pamba katika Alabama, liitwalo Hopewell, akapeleka huko watumwa wapatao hamsini, nia yake ikiwa wafanye kazi, wajifunze, walipe thamani yao, kisha wapelekwe Liberia. George alifanywa mnyapara wao. Naye alijua kuandika. Na katika Alabama sheria ya mwaka 1832 ilimtoza faini aliyemfundisha mtumwa kusoma, dola 250 kwa uchache. Katika majira ya joto ya mwaka 1847 George alimpelekea bwana wake taarifa za shamba: pamba imefika wapi, mahindi yako namna gani, ni nani aliyepigwa na kwa kosa gani. Wengi wenu mmewahi kuandika taarifa kwa mkubwa aliye mbali. Mtaitambua sauti ile ya mtu anayetaka ionekane kwamba kazi inakwenda, na kwamba lililoharibika halikuharibika mkononi mwake. Majira yale yale, tarehe 26 Julai 1847, Monrovia walitangaza kwamba Liberia ni dola huru, na Joseph Jenkins Roberts, aliyetoka Virginia kama Peyton, akawa Rais wa kwanza.

Basi huyu mmoja, Cocke, alipokea barua za ndugu wawili, mmoja raia wa dola mpya ng'ambo ya bahari, wa pili mnyapara na mtumwa. Wote wawili walimwandikia yeye. Karatasi zao zilikaa pamoja katika kumbukumbu za familia ya Cocke, na hata leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Virginia. Katika mwaka 1978 Randall Miller alizitoa katika kitabu kimoja, na kwa mara ya kwanza watu wengi wakazisoma bega kwa bega.

Peyton alikufa mwaka 1849. Watoto wake waliendelea kuandika mpaka karibu na vita vya Marekani vilivyoanza mwaka 1861. Upande wa Alabama aliyeshika kalamu baada ya George ni binti yake, Lucy, aliyewafundisha watoto wa shamba kusoma na kumwandikia bwana habari za nyumba. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865 alimwandikia mzee Cocke akimjulisha ya kuwa ameachana na mumewe na kwamba ataka kufanya kazi ya shule. Hilo ni jambo la siri ya nyumba, nalo alilisema waziwazi, kama mtu anayemjulisha mwenziwe. Cocke alikufa mwaka uliofuata.

Mkono wa Jenerali Cocke uliifungua barua, lakini haukuizuia. Sasa nitaeleza habari ya mkono uliozuia, nayo inatokana na kwisha kwa utumwa huo huo upande mwingine wa Marekani. Brazili iliwaacha huru watumwa wake tarehe 13 Mei 1888. Wenye mashamba walitaka wafanya kazi, tena serikali ilitaka watu wa kufungua misitu ya kusini, ikaamua kuwalipia nauli wakulima wa Ulaya watakaokuja pamoja na jamaa zao. Habari hizi zilifika Poland. Nchi ya Poland wakati ule haikuwa na serikali yake. Sehemu yenye mji wa Warsaw ilitawaliwa na Kaisari wa Urusi. Wakulima wenye vipande vidogo vya ardhi na vibarua wasio na ardhi waliondoka kwa makumi ya maelfu katika mwaka 1890 na 1891, wengine Brazili, wengine Marekani, wakipitia Ujerumani mpaka bandari ya Bremen.

Serikali ya Urusi haikupenda. Ilijua, kama makamishna wa Uingereza walivyojua, kwamba kinachomvuta mtu si tangazo la wakala bali barua ya ndugu yake. Basi wakaguzi wa barua wakaamriwa kuzishika barua zitokazo Brazili na Marekani kwenda kwa wanavijiji, wasizipeleke. Zilikuwa za Kipolandi, na nyingine za Kiyahudi. Ziliwekwa katika faili.

Barua za wakulima wa Kipolandi zilikuwa na adabu yake. Zilianza kwa kumsifu Yesu Kristo, na mwandishi akataraji ya kuwa msomaji atajibu kwa midomo yake, milele na milele, kana kwamba mgeni ameingia mlangoni. Kisha salamu, mmoja mmoja kwa jina. Sisi tuliokulia katika barua za «baada ya salamu» hatuoni ajabu. Baada ya salamu huja mambo yenyewe: mshahara wa siku, bei ya nyama, kwamba huku mtu hula mkate mweupe siku za kazi. Katika hizi za Warsaw mume amwelekeza mkewe auze nini na achukue nini, avuke mpaka namna gani na asimwamini nani njiani. Nyingine zilikuwa na tikiti ya meli ndani yake, imelipiwa kwa akiba ya miezi mingi.

Mke hakupata barua wala tikiti. Kwake yeye mumewe alikuwa amenyamaza. Mume naye, ambaye hakupata jibu, aliandika tena akiuliza kwa nini haumwandikii, una kosa gani nami, au umekufa. Na ile ya pili nayo ikashikwa, ikawekwa juu ya ile ya kwanza. Hakuna kati yao aliyejua ya kuwa yuko wa tatu. Hilo ndilo linalozitofautisha na barua za Peyton. Yeye alijua ni nani atakayefungua, akapima maneno yake. Hawa waliandika kama watu wawili peke yao, na maneno yao ya ndani kabisa yalisomwa na mtu mmoja tu, asiyewahusu.

Mtu huyo hakuwa jemadari. Alikuwa mtumishi wa serikali, mwenye meza, wino na mshahara wa mwisho wa mwezi. Hapana shaka daftari zake zilikuwa safi. Alifungua, akasoma, akaona tikiti imekunjwa ndani ya karatasi, akaweka alama yake, akachukua inayofuata. Hakuiba; laiti angaliiba, pengine tusingekuwa na barua hizo leo. Alizihifadhi kwa utaratibu mwema, kama alivyofundishwa.

Faili zile zilikaa Warsaw kwa miaka mingi. Nyingi ziliteketea katika Vita Kuu ya Pili. Mwanahistoria Witold Kula pamoja na wenzake walizichapisha zilizosalia, zaidi ya 300, katika mwaka 1973. Wakati huo zilikuwa zimechelewa kwa miaka zaidi ya themanini, nazo zilifika kwa watu wote isipokuwa wale walioandikiwa.

Bwana Mwenyekiti, habari niliyokuwa nayo imekwisha. Naona chai inaletwa; mwenye swali na aulize kabla vikombe havijaanza kulia.